Antena Ndogo, Masafa Mengi: Simu Yako Inashikaje Bendi Zote Hizo?

Leo tunaifungua simu yako, ila kwa maneno tu, bisibisi iache ilipo. Tunatafuta kitu unachokitumia kila siku bila kukiona: antena.

Chukua simu mbili zilizoandikwa 4G. Weka laini za mtandao mmoja, kaa nazo kijiji kimoja, hata juu ya meza moja. Ya kwanza inaonyesha 4G na video inacheza. Ya pili inaonyesha E, na meseji ya WhatsApp inazunguka tu. Mnara ni uleule, bando ni lilelile. Mara nyingi lawama zote zinakwenda kwa kampuni ya simu, na kuna siku inazistahili. Lakini kuna siku tatizo lipo mkononi mwako, ndani ya simu, kwenye kipande chembamba cha chuma ambacho hakikuandaliwa kushika masafa yanayotumika hapo ulipo.

Swali linalokuja haraka ni hili: kwa nini wasitengeneze tu antena inayoshika masafa yote? Jibu ni kwamba wangependa sana. Kinachowazuia ni sheria ya fizikia inayojulikana tangu miaka ya 1940, na mbinu zote nitakazokueleza hapa ni njia za kuishi na sheria hiyo. Ukimaliza kusoma nataka ubaki na swali moja tu la kuuliza kila unaposikia antena fulani ina "masafa mapana": huo upana umelipiwa na nini?

Kwanza, urefu

Antena kazi yake ni kugeuza umeme unaokwenda na kurudi kwenye chuma uwe wimbi linalosafiri hewani, na kinyume chake. Tukisema masafa ya megahezi 900 (MHz 900), tunamaanisha umeme huo unakwenda na kurudi mara milioni 900 kwa sekunde moja. Wimbi nalo linasafiri kwa kasi ya mwanga, kama kilomita 300,000 kwa sekunde. Gawanya kasi kwa masafa, unapata urefu wa wimbi moja.

Antena rahisi ya waya juu ya bamba kubwa la chuma hufanya kazi vizuri ikiwa na urefu wa robo ya wimbi. Hebu tupige hesabu:

- MHz 700: wimbi ni sm 43, robo yake ni kama sm 10.7
- MHz 900: wimbi ni sm 33, robo yake ni kama sm 8.3
- MHz 1800: wimbi ni sm 16.7, robo yake ni kama sm 4.2
- MHz 2600: wimbi ni sm 11.5, robo yake ni kama sm 2.9

Umeona kinachotokea. Masafa yakishuka, antena inataka kurefuka. Ndiyo maana simu za zamani zilikuwa na kale kaantena kanakochomoza juu. Motorola DynaTAC iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1983 ilikuwa na antena ndefu isiyoweza kufichwa popote. Ilipofika mwaka 1999 Nokia ikatoa 3210, mojawapo ya simu za mwanzo zilizouzwa kwa wingi duniani zikiwa na antena iliyofichwa ndani kabisa. Watu wakafurahia muonekano. Wahandisi wa antena wakaanza kukosa usingizi.

Upana wa masafa ni nini hasa?

Fikiria uzi wa gitaa. Kila uzi una noti yake. Ukiimba noti ileile karibu nao, unatetemeka wenyewe bila kuguswa. Ukipanda au kushuka kidogo, unanyamaza. Antena iko hivyohivyo. Ina masafa yake inayoyaitikia, na ukisogea mbali nayo, nguvu unayoipelekea inagonga mlangoni na kurudi ilikotoka.

Upana wa masafa ni lile eneo ambalo antena bado inaitika vizuri vya kutosha. Kwenye simu, "vya kutosha" kwa kawaida maana yake ni kwamba nguvu inayorudi isizidi robo. Yaani ukituma nne, tatu ziingie kwenye antena. Kwa antena za kazi nyingine wahandisi wengi hudai zaidi, kwamba isirudi hata zaidi ya asilimia 10. Kwenye simu tumeshazoea kuvumiliana.

Upana huo tunaupima kwa asilimia ya masafa ya katikati. Mfano: GSM ya 900, ile tuliyoanza nayo, simu inatuma kwenye MHz 880 hadi 915 na inapokea kwenye 925 hadi 960. Jumla antena inatakiwa kufunika 880 hadi 960. Upana ni MHz 80, katikati ni 920, kwa hiyo ni kama asilimia 8.7.

Sasa simu ya leo. Upande wa masafa ya chini inatakiwa ianzie MHz 703 na kuishia 960, karibu asilimia 31. Upande wa kati ianzie 1710 na kuishia 2690, hiyo ni zaidi ya asilimia 44. Bado hujaweka 5G ya MHz 3300 hadi 3800, Wi-Fi, Bluetooth na GPS. Na simu yenyewe imekuwa nyembamba kuliko ile Nokia.

Sheria isiyohongwa

Mwaka 1947 mhandisi wa Marekani Harold Wheeler aliandika kuhusu mipaka ya antena ndogo. Mwaka uliofuata Lan Jen Chu, wa chuo cha MIT, akaipigia hesabu kamili. Wazo lao ni hili: chora mpira wa kufikirika unaoifunika antena yote. Kadiri mpira huo unavyokuwa mdogo ukilinganisha na urefu wa wimbi, ndivyo upana wa masafa unavyobana, na hakuna ujanja wa kukunja waya utakaovuka mpaka huo.

Kwa nini? Antena ndogo ina tabia ya kuhifadhi nishati nyingi karibu yake, inayoyumba kwenda na kurudi, halafu inayoondoka kweli kama wimbi ni kidogo. Ni kama bembea yenye mtu mzito. Ikishaanza kuyumba inafuata mwendo wake tu, ukitaka kuisukuma kwa mwendo mwingine inakugomea. Nishati ikihifadhiwa sana, mwitikio unakuwa wa noti moja. Ikiondoka haraka, mwitikio unakuwa mpana.

Tuweke namba. Chukua mpira wenye kipenyo cha sm 5, kama ndimu kubwa. Antena bora kabisa, inayotumia mpira wote bila kupoteza chochote, ikiwa na mwitikio mmoja na kwa kigezo chetu cha robo kurudi, ingepata upana wa kama asilimia 10 kwenye MHz 900. Kwenye MHz 700 mpira uleule unakupa kama asilimia 5. Masafa yameshuka kwa chini ya robo, upana umekatika nusu! Kwa antena ndogo sana hali ni kali zaidi: ukipunguza kipenyo nusu, upana unapungua takriban mara nane. Na kumbuka antena ya simu haijazi mpira wowote. Ni kipande bapa kilichobanwa kati ya betri, kamera na spika.

Kwa hiyo una vitu vitatu unavyovitaka: antena iwe ndogo, iwe na masafa mapana, na iwe na ufanisi, yaani nguvu inayoingia itoke kweli hewani. Wahenga walisema mshika mawili moja humponyoka. Mhandisi wa antena za simu anatakiwa kushika matatu.

Hili linatugusaje sisi?

Unakumbuka purukushani za ving'amuzi? Tanzania ilianza kuzima televisheni za analojia Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na Kenya ikazima mwaka 2015. Pamoja na picha kuwa safi, kulikuwa na sababu nyingine: dijitali inabana stesheni nyingi kwenye nafasi ndogo, kwa hiyo masafa ya juu ya televisheni yakabaki wazi kwa ajili ya simu. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, iliyapiga mnada masafa ya 700 mwaka 2018, na mwaka 2022 ikafanya mnada mwingine ambao 700 ilikuwemo tena. Kenya nayo imetumia 800 kwa 4G.

Masafa haya ni dhahabu ya vijijini. Mawimbi yake marefu yanafika mbali, yanapita vizuri zaidi kwenye miti na kuta, kwa hiyo mnara mmoja unahudumia eneo kubwa. Kwa nchi yenye vijiji vilivyotawanyika hilo ni jambo la pesa moja kwa moja: minara michache, watu wengi.

Sasa unganisha na hesabu ya Chu. Masafa tunayoyategemea kuufikisha mtandao kijijini ndiyo yaleyale ambayo antena ya simu inateseka nayo kuliko yote. Mjini, karibu na mnara wa 1800, hata simu yenye antena dhaifu inaishi. Kijijini kilomita kadhaa kutoka mnara, antena dhaifu kwenye 700 inakuacha na E. Kwenye anga wazi, kupoteza nusu ya nguvu kunashusha umbali unaoweza kufikia hadi kama asilimia 70 ya ule wa mwanzo. Kwa mtu anayekaa pembezoni mwa eneo la mnara, hiyo ndiyo tofauti ya kuwa na mtandao na kutokuwa nao.

Tahadhari kabla ya mbinu: upana wa bure

Kuna njia rahisi sana ya kupata masafa mapana, na nataka uijue ili usidanganywe nayo. Chukua rezista ya omu 50, ile inayolingana na waya wa redio, iunganishe mahali pa antena. Pima. Hakuna kinachorudi! Kwenye MHz 700, 900, 1800, kote safi. Ukionyesha grafu hiyo utapigiwa makofi.

Tatizo ni kwamba haitumi chochote. Nguvu yote imegeuka joto. Kutorudi hakumaanishi kutoka.

Hapo ndipo kuna mtego. Ukitumia plastiki mbaya, chuma kisichopitisha umeme vizuri, au ukaibana antena karibu na vitu vinavyokula mawimbi, grafu ya nguvu inayorudi itapendeza zaidi kuliko mwanzo, kwa sababu hasara hufanya kazi ileile ya rezista. Kwenye maabara, mtu akikuonyesha grafu hiyo peke yake na kusema antena yake ni pana, muombe na grafu ya pili, ya ufanisi, iliyopimwa kwenye chumba kilichozungushiwa sponji zinazomeza mawimbi. Grafu mbili pamoja ndizo zinazosema ukweli.

Sasa tuzione mbinu halali, kila moja na bei yake.

Mbinu ya 1: Inua antena

Antena ya ndani iliyotawala simu kwa miaka mingi inaitwa PIFA. Ukiitazama kwa ubavu inafanana na herufi F iliyolala: kipande bapa cha chuma juu ya bodi ya simu, mguu mmoja umeunganishwa na bodi, mguu mwingine unaleta umeme. Ule mguu unaogusa bodi ndio unaoruhusu antena iwe na urefu wa robo ya wimbi badala ya nusu.

Njia ya moja kwa moja ya kuipanua ni kuinua kile kipande juu zaidi kutoka kwenye bodi. Kikikaa chini, nishati inabanwa katikati ya kipande na bodi, inayumba humo humo. Kikiinuka, inapata njia ya kutoka. Ndiyo maana Nokia za zamani zilikuwa nene sehemu ya juu mgongoni, antena ilikuwa imekaa hapo juu ya kishikizo cha plastiki. Bei yake ni unene. Nani leo atanunua simu nene kama kipande cha sabuni?

Mbinu ya 2: Fanya simu nzima iwe antena

Hii ndiyo ninayoipenda, na ndiyo inayowashangaza wengi. Mwaka 2002 watafiti wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki, Finland, walichapisha uchambuzi wa antena na bodi ya simu kwa pamoja. Walionyesha kwamba kwenye masafa ya karibu na MHz 900, kile kipande tunachokiita "antena" kinatoa sehemu ndogo tu ya mawimbi, karibu sehemu moja ya kumi. Mengine yote yanatoka kwenye bodi na mwili wa simu.

Maana yake ile "antena" kwenye masafa ya chini ni kama kijiti cha kupigia ngoma. Ngoma yenyewe ni simu.

Ukilielewa hilo, mchezo unabadilika. Badala ya kupambana na mpira wa sm 5, unatumia mpira unaofunika simu nzima, wa sm 15 au zaidi. Sheria ya Chu haijavunjwa, umeongeza ukubwa. Kazi inabaki kuweka kijiti mahali sahihi, na mahali hapo ni mwisho wa simu, juu au chini, ambako bodi inaitikia kwa nguvu. Mwili wa simu unapenda masafa ambayo nusu ya wimbi lake inalingana na urefu wa simu. Simu ya sm 15 inalingana na nusu ya wimbi la MHz 1000, na ukijumlisha antena yenyewe inashuka chini kidogo. Simu fupi za zamani zilikuwa mbali zaidi na eneo hilo. Kwa hiyo simu kuwa ndefu kumeisaidia 4G ya masafa ya chini.

Bei? Kwanza, mkono wako sasa umeshika antena, kwa sababu umeshika simu. Pili, kijiti kinahitaji nafasi isiyo na chuma kwenye ncha ya simu, na kioo kinachojaza uso wote kimeila nafasi hiyo.

Mbinu ya 3: Ongeza nyuzi

Uzi mmoja una noti moja, gitaa lina nyuzi sita. Wahandisi wanaigawa antena iwe na matawi: tawi refu kwa masafa ya chini, tawi fupi kwa masafa ya juu. Au wanakata mpasuo kwenye kipande cha chuma, umeme ukalazimika kuuzunguka, likapatikana tawi jipya bila kuongeza eneo.

Kuna njia nyingine ya kijanja zaidi: kuweka kipande jirani kisichounganishwa na waya wowote wa kuleta umeme. Kinapata umeme kwa ukaribu tu, kama ule uzi wa gitaa unaotetemeka mtu akiimba. Ukikikata kiwe na noti iliyo karibu sana na noti ya antena kuu, zile noti mbili zinaungana na kuwa eneo moja pana. Zikiwa karibu mno hupati faida, zikiwa mbali mno unapata shimo katikati. Kuitafuta nafasi sahihi ndiyo kazi inayokesha kompyuta zetu usiku kucha.

Bei yake ni nafasi na ugomvi. Kila tawi linamgusa mwenzake. Ukilirekebisha la 1800, la 900 linasogea.

Mbinu ya 4: Weka gia

Ukipanda mlima na baiskeli, mguu ni uleule na mlima ni uleule, lakini gia inawapatanisha. Kati ya redio na antena tunaweka koili na kapasita ndogo zinazofanya kazi hiyo. Ukizipanga vizuri zinaongeza mwitikio wa pili bila kugusa umbo la antena, na upana unaweza kukaribia kuwa mara mbili.

Basi tuongeze gia kumi? Hapana. Hendrik Bode mwaka 1945, na Robert Fano mwaka 1950, walionyesha kwamba gia za aina hii nazo zina mpaka. Ni kama kulala na shuka fupi: ukivuta ufunike kichwa, miguu inabaki nje. Ukitaka upana zaidi, lazima ukubali nguvu nyingi zaidi kurudi. Koili na kapasita za kwanza zinalipa vizuri, zinazofuata zinalipa senti, na kila moja inakula nguvu kidogo ikiwa joto.

Mbinu ya 5: Usiwe mpana, hama

Hapa wahandisi walijiuliza swali zuri: hivi kweli simu inahitaji kushika masafa yote kwa wakati mmoja? Redio ya mkononi haisikilizi stesheni zote pamoja. Unazungusha kitufe, inahama.

Kwa hiyo simu nyingi za kisasa zina antena yenye upana mdogo lakini yenye swichi za kielektroniki. Mtandao ukiwa wa 700, swichi inaunganisha koili fulani na antena inashuka. Mtandao ukihamia 900, swichi inabadilisha, antena inapanda. Yote ndani ya sehemu ndogo sana ya sekunde, bila wewe kujua. Sheria ya Chu inaheshimiwa kila dakika, kwa sababu kwa kila wakati antena ni nyembamba.

Umeona alicholipa? Amelipa kwa wakati. Anapata yote, lakini si kwa pamoja. Na hapo ndipo 4G ya kisasa ilipoleta kesi mpya, kwa sababu ili kuongeza kasi inaunganisha bendi mbili au zaidi kwa mpigo. Ikikutaka uwe kwenye 800 na 1800 kwa sekunde ileile, ukihama unapoteza moja. Ndiyo maana utakuta simu moja inatumia mbinu hizi karibu zote kwa pamoja: mwili wa simu, matawi, gia na swichi.

Mkono wako uko kwenye hesabu

Mwaka 2010 Apple ilitoa iPhone 4, ambayo fremu yake ya chuma ilikuwa antena. Wazo zuri, kwa sababu fremu ndiyo sehemu kubwa kuliko zote kwenye simu. Lakini ukiishika kwa namna ya kufunika ule mwanya mdogo upande wa kushoto chini, mtandao ulishuka. Kelele zikawa nyingi hadi Steve Jobs akaitisha mkutano na waandishi wa habari mwezi Julai, na wateja wakapewa kava bure.

Kava lilisaidia kwa sababu linatenga ngozi na chuma. Mwili wa binadamu una maji na chumvi, unameza mawimbi na pia unaisogeza antena kwenye masafa mengine, kama mtu anayebonyeza uzi wa gitaa. Antena nyembamba ikisogezwa kidogo inatoka kabisa kwenye bendi yake. Antena yenye upana wa ziada inasogea na bado inabaki ndani. Kwa hiyo upana ni akiba pia, ya siku ambayo hali si kama ya maabara.

Tazama simu yoyote ya fremu ya chuma uliyonayo. Utaona vistari vyembamba vya plastiki vimekata fremu juu na chini. Si mapambo. Ndivyo vinavyoigawa fremu kuwa antena kadhaa, mara nyingi juu na chini, ili mkono ukiziba moja simu ihamie kwenye nyingine.

Basi ufanye nini na haya yote?

Kwanza, ukinunua simu usiridhike na neno 4G kwenye boksi. Tafuta orodha ya bendi kwenye maelezo ya simu hiyo, mtandaoni au kwenye kikaratasi chake. Bendi 28 ni ile ya 700, bendi 20 ni ya 800, bendi 8 ni ya 900, bendi 3 ni ya 1800. Simu iliyotengenezwa kwa soko la nchi nyingine inaweza kukosa kabisa bendi inayotumika kijijini kwenu, na hakuna fundi atakayeiongeza, kwa sababu inahitaji antena, filta na redio vilivyopangwa tangu kiwandani. Uliza mtandao wako unatumia bendi zipi eneo unalokaa, au unalomnunulia mzazi simu. Mzazi wako kijijini anahitaji bendi ya chini kuliko anavyohitaji kamera tatu.

Pili, vile vibandiko vinavyouzwa kuwa "vinaongeza netiweki" ukivibandika nyuma ya betri, achana navyo. Havina umeme wala sakiti ya kukuza chochote. Kipande cha chuma kisichopangwa karibu na antena kikifanya kazi yoyote, ni kuisogeza kutoka pale mhandisi alipoiweka. Makava ya chuma na yenye sumaku kubwa nayo yanaweza kufanya hivyohivyo.

Tatu, mtandao ukiwa dhaifu, badilisha unavyoishika. Usifunike ncha za simu. Iweke mezani, tumia spika au waya wa masikioni. Hiyo haigharimu chochote, na kwenye masafa ya chini, ambako simu nzima ndiyo antena, inaweza kuonekana hapohapo kwenye vijiti vya mtandao.

Na kama unasoma uhandisi na unatafuta mada ya utafiti, hapa kuna kazi bado. Mpaka wa Chu unahusu antena ya kawaida, isiyo na sakiti zinazotumia umeme na isiyobadilika kwa wakati. Wapo wanaojaribu sakiti zenye tabia ya kapasita hasi, wapo wanaobadilisha antena kwa kasi ileile ya data inayotumwa. Kuna matokeo ya kuvutia maabara, lakini kelele za umeme, kuyumba kwa sakiti na matumizi ya betri bado vinasumbua. Ukisoma makala za mada hiyo, nenda nalo lile swali: upana umelipiwa na nini, nafasi, nguvu au wakati? Mwandishi asiyesema, tafuta grafu ya ufanisi kabla hujamwamini.